Askari Ndani ya Mtungi wa Maziwa

Jumanne, 8 Julai 2025

Semina ya maziwa, Amukura. Afisa wa mifugo, binti mmoja aitwaye Sharlyne, amesema maziwa mabichi yana vimeng'enya vinavyopigana na bakteria. Askari, yaani! Maziwa hutoka nao kwa ng'ombe. Ukichemsha wanakufa. Alikuwa bado anaeleza, lakini mtu mkubwa hakai semina hadi mwisho. Nikatoka.

Jumamosi kikundi chetu cha wafugaji kinachagua mwenyekiti. Jirani yangu Egwang anawaahidi watu friji kubwa ya maziwa yanayopelekwa Malaba. Friji! Na askari wapo bure. Tena wakwe zangu wa Nangina nimeshawaambia mwenyekiti ni mimi. Lazima nishinde.

Jumatano, 9 Julai

Nimetangaza sokoni: maziwa yangu yatakaa siku tatu bila friji, bila moto, na Jumamosi nitayanywa mbele ya kikundi. Nikawapa na ushahidi: mwaka ule nilipokwama Malaba na lori langu, maziwa yalikaa wiki mbili, madereva wa Uganda wakayanywa wakalia kwa utamu. (Lori sijawahi kuwa nalo. Lakini walilia.) Egwang akauliza kama walilia kabla ya kwenda choo au baada. Watu wakacheka. Amukura watu hucheka ovyo.

Nimejaza mtungi wa njano. Mke wangu Roselida anauliza kama nimeuosha. Nimemwambia hiyo ni kazi ya askari.

Alhamisi, 10 Julai

Kuna harufu kidogo. Nimefikiria sana. Askari gani hufanya kazi bila kupokezana? Hata pale mpakani wana zamu! Nimemimina maziwa ya asubuhi juu ya yale ya jana. Jioni, zamu nyingine. Sayansi hii Sharlyne hajaifikia. Roselida anasema nimewapelekea wadudu chakula. Huyu alimaliza darasa la nane, ndiyo shida yake.

Ijumaa, 11 Julai

Mtungi umevimba. Vizuri sana! Askari wameongezeka, wamebanana. Nikalegeza kifuniko kidogo. Kimepatikana juu ya paa la jikoni. Kuku wamehamia kwa Egwang.

Jumamosi, 12 Julai

Watu arobaini. Nimehutubu nusu saa. Nikamimina. Hayakumiminika, yalianguka. Pu! Egwang akasema, "Mzee, askari wako wamekula kitu kidogo, wakapitisha wadudu wote!"

Sharlyne akanisihi nisinywe. Akaeleza kwamba askari hao hushikilia saa chache tu, kisha wanalemewa. Maziwa lazima yapozwe, na yachemshwe kabla ya kunywa. Saa chache! Na hakuanza na hilo?

Nikanywa. Mwanaume hageuzi neno lake. Mafunda mawili.

Kura za mikono: Egwang, wote. Mimi, mkono mmoja, wangu. Roselida alimwinulia Egwang yote miwili.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani sikuenda. Naandika nikiwa chooni, tangu alfajiri. Roselida amewapigia wakwe simu, amewaambia yote, na kicheko chao nimekisikia hadi huku.

Sharlyne amepita kuniletea dawa. Nikamuuliza kupitia mlangoni kama hakuna mnyama mwenye askari wa maana. Akasema maziwa ya punda yana kimeng'enya kimoja kingi kuliko ya ng'ombe, mbali kabisa. Akaongeza kitu kuhusu kuchemsha, sikusikia vizuri. Mlango mzito.

Punda! Bilal, mwenye mkokoteni kule Busia mjini, ana mmoja aliyezaa juzi. Tumbo likinyamaza naenda kumkamua mwenyewe, kutoka nyuma, ili asione haya.