Bango la Godoro Nusu Bei

Jumatatu, 3 Machi

Supamaketi ya kona wamebandika bango kwenye kioo cha mlango. Godoro la inchi nane, nusu bei, hadi Jumapili tarehe 9. Nimelisoma mara nne. Nimetafuta maandishi madogo chini. Hakuna! Hapo ndipo wasiwasi uliponianza.

Mke wangu anataka tununue leo leo. Ana sababu ya kuwa na haraka. Godoro letu la zamani nilimpa shemeji, kaka yake, Jumamosi, mara tu niliposikia fununu za ofa hii. Sasa tunalala mkekani, na kiuno chake kimekataa. Asubuhi aliinuka kwa kushika ukuta. Iliniuma kumwona.

Lakini mimi sikurupuki. Mfanyabiashara hapunguzi bei kwa sababu anakupenda. Mpango wangu: kungoja hadi Jumapili jioni. Siku ya mwisho huwa wanaingiwa na hofu, na mwenye subira anaweza kuongezewa hata mito miwili. Mke wangu akasema ngojangoja huumiza matumbo, na hapa kwetu imeshafika kiunoni.

Jumanne, 4 Machi

Fundi Saa amenunua godoro. Kibanda chake kimepakana na duka langu la kutoa nakala, kwa hiyo nimelazimika kusikia habari zote. Anasema amelala kama mtoto mchanga. Nikamwambia mtoto mchanga hulia usiku kucha. Akacheka, kisha akajinyoosha mbele yangu makusudi, mifupa ikalia ko ko ko.

Amenidokeza pia jambo zito: maduka mengine humaliza ofa kabla ya tarehe waliyotangaza wenyewe. Lisemwalo lipo! Kumbe tarehe 9 wanaweza kuikana mchana kweupe. Watalishusha bango, nami nitabaki na neno langu dhidi ya lao. Nani atamwamini mtoa nakala?

Ushahidi unahitajika. Haraka.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanikiwa! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, duka bado limefungwa, mlinzi yuko nyuma anakunywa chai. Selotepu nne tu. Bango likaja lenyewe.

Si wizi. Mwizi huchukua kitu ili akitumie. Mimi nimekihifadhi. Nilifikiria kutoa nakala, kazi yangu hiyo, lakini nakala hukanushwa. Ya asili nani ataikanusha? Nikalipitisha kwenye mashine ya kutia plastiki, lisije likapata unyevu. Limependeza mno.

Saa saba mchana nikapita dukani kuchungulia. Godoro limerudi bei ya zamani! Siku nne kabla! Nilijua! Nilisimama katikati ya ndoo na mafagio nikitetemeka kwa furaha, mpaka nilipokumbuka kiuno cha mke wangu.

Keshia akasema ofa imekwisha. Nikamuuliza nani kasema. Akasema kwao hakuna anayesema: kila asubuhi mpanga bei hutazama kioo cha mlango, na bango likiwa halipo, ofa haipo. Leo halikuwepo. Nimeyaandika maneno yake yote mkononi kwa kalamu. Wamekiri wenyewe!

Jioni nilimpa mke wangu habari za ushindi. Hakushangilia. Akauliza, kama nilijua wataimaliza mapema, kwa nini sikununua Jumatatu. Sikupenda swali lile linakoelekea. Akasema Jumapili ikipita hatuna godoro, anahamia kwa dada yake, na tarehe ya kurudi hana. Hakupaza hata sauti. Nimeogopa kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya haki za watumiaji. Foleni ndefu. Benchi nimelikagua kabla ya kukaa. Afisa ni mama mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nimemwamkia kwa adabu lakini kwa tahadhari, maana nao huenda wanajuana na supamaketi.

Mwanzo alinipa raha. Alisema duka likitangaza tarehe linapaswa kuuza kwa bei hiyo mpaka tarehe hiyo, labda kama bidhaa zimekwisha na tangu mwanzo lilisema ni chache. Mteja asiondoke kimya. Aombe kumwona meneja, atunze ushahidi, na akishindwa aje pale ofisini. Nikamwambia kumwona meneja nimekuruka, lakini ushahidi upo. Nikalitandaza bango mezani. Lilimeremeta!

Afisa akaligeuzageuza. Akaona selotepu ndani ya plastiki. Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema kwenye kioo chao. Akauliza lini. Jana asubuhi, kabla hawajafungua. Akauliza ofa ilikoma lini. Jana, walipofungua. Akavua miwani, akaifuta, akaniuliza yote upya, polepole, kana kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa. Nikamsomea na maneno ya keshia kutoka mkononi, ili aone walivyo wajanja.

Akavaa miwani tena. Kisha akasema, mzee wangu, aliyeimaliza hiyo ofa ni wewe. Akaongeza kwamba picha ya simu ingetosha. Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Nadhani ni watu wa supamaketi.

Akampigia meneja simu. Nimeagizwa niende kesho, nirudishe bango, na niongozane na mke wangu. Kwa nini mke wangu?

Ijumaa, 7 Machi

Ofisi ya meneja ni chumba kidogo nyuma ya friji za maziwa. Nilitegemea vita. Nilikuwa na hoja saba, zimepigwa chapa. Kabla sijafika ya kwanza mke wangu akasema tunaomba radhi, mume wangu ana wasiwasi tu, hana ubaya. Nilifedheheka mpaka masikio yakawaka.

Meneja hakukasirika! Akasema kosa ni lao pia, kwani tarehe waliitangaza wao, na wafanyakazi wake walipaswa kufuata tarehe na si kioo. Bei ya ofa imerudi kwa wateja wote hadi Jumapili. Akatuletea viti. Akatabasamu. Akalibandika bango mlangoni kwa mkono wake, akasema sasa hata mvua haitaliweza. Mtu gani anabanduliwa bango lake na bado anatabasamu? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mke wangu akanunua godoro papo hapo. Fundi Saa akaja na mkokoteni kutusaidia. Amecheka njia nzima. Kila akitaka kuacha ananitazama, anaanza upya.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameamka bila kushika ukuta. Amechemsha chai huku anaimba. Amesema hahami tena. Machozi yalinilenga, nikasingizia moshi wa jiko.

Mimi nimelala mkekani, kwa hiari yangu. Mtu hapewi haki yake upesi namna ile bila kuwepo jambo. Nusu bei, viti, tabasamu! Sipandi juu ya lile godoro mpaka nijue. Mke wangu ameniambia nafasi yote ile ni yake basi, na amejitandaza.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alipotoka kwenda kwa jirani, nikalikagua godoro. Inchi nane kamili. Nimepima mara tatu, kila upande. Sifongo nzima, mishono imara. Wamejificha vizuri sana hawa.

Nilichokipata ni lebo, imeshonwa ubavuni mwa godoro, kingo zake zote nne. Udhamini wa miaka mitano. Miaka mitano! Nani atakumbuka mwaka wa nne kwamba waliahidi? Lebo itachakaa, maandishi yatafutika, watakana mchana kweupe. Sikupoteza muda. Nikachukua wembe, nikakata uzi mmoja mmoja kwa mkono wa utulivu, lebo ikatoka salama. Nikaandaa bahasha.

Kabla ya kuifunga nikaigeuza. Nyuma wameandika kwamba udhamini utakuwa umevunjika lebo ikiondolewa kwenye godoro.

Nyuma! Mahali ambapo mtu hawezi kusoma mpaka aiondoe! Huo ndio mtego wao, na nimeugundua peke yangu.

Mke wangu amerudi. Ameuona wembe, ameiona lebo, amekaa pembeni ya godoro. Nimemwambia asiwe na shaka. Kesho saa mbili kamili niko kwa yule afisa, na safari hii ushahidi ninao mkononi.