Kibodi Yangu ya Boksi la Sabuni

Jumatatu, 14 Julai 2025

Careen sasa hivi amemgonga mdogo wake kitovuni kwa kidole, mara mbili haraka haraka, akasubiri. Kisha kanigeukia: ati mama, Rupert hafunguki. Nimecheka mpaka nikasahau kumfuta Rupert machozi.

Ndiyo wanayofundishwa darasa la pili siku hizi. Kompyuta zimefika shuleni kwetu! Tano tu, na watoto wamejaa kama mahindi ghalani. Mwalimu Valence anatafuta mzazi mmoja wa kumsaidia humo ndani. Lazima niwe mimi. Shule niliishia kidato cha pili, na Careen pale shuleni ameniona na ufagio tu, zamu ya usafi ya wazazi. Nataka anione nimekaa mbele ya kioo kile, nabonyeza. Hilo tu.

Jumanne, 15 Julai

Kikao cha wazazi. Tumejitokeza wawili: mimi na jirani yangu Mama Dorine. Yeye ana simu ya kupangusa. Mimi nina kitochi, lakini nina mdomo. Mwalimu kauliza uzoefu. Nikasema nimekua na kompyuta. Si uongo sana! Kwa mjomba kule Lusewa ilikuwepo moja, mbovu, kuku wakitagia nyuma yake.

Mwalimu kasema watoto wajizoeze vidole kabla ya zamu zao, kwa hiyo kila mmoja wetu achore kibodi kwenye boksi. Kila mmoja kapewa kundi la watoto wa kufundisha kwa boksi lake; Ijumaa watapimwa, na ambaye kundi lake litafaulu ndiye msaidizi. Kasema tukaitazame kwanza ile yenyewe. Mama Dorine kaenda mbio na penseli. Mimi nikamwambia Mwalimu asijisumbue, yangu iko kichwani. Kanitazama kwa heshima. Nadhani ilikuwa heshima.

Jumatano, 16 Julai

Nimeomba maboksi ya sabuni dukani kwa Mzee Kajetani. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia, kauliza kama mume wangu kanirudisha kwetu, mbona nabeba maboksi. Nikamwambia ni mambo ya teknolojia. Kanipa na kamba ya kufungia.

Kuchora ni rahisi. Herufi nimezipanga kama zilivyo kwenye kitochi na kama tulivyoimba darasa la kwanza: A, B, C, D, mpaka mwisho. Zingekaaje vingine? Q na X nimeziacha, hapa Mshangano hakuna mwenye shida nazo. Kitufe kirefu cha chini nakikumbuka vizuri, kuku alipenda kukilalia. Nimewaza kazi yake, nikaona ni salamu tu. Nikaandika SHIKAMOO. Mtoto hawezi kuanza kumbonyeza mtu bila kumwamkia.

Alhamisi, 17 Julai

Maskini Mama Dorine! Nimechungulia uani kwake, boksi lake limeanikwa juani. Q, W, E, R, T! Herufi zimemwagika kama dagaa. Nimemhurumia, nikamwita kwenye uzio nikamwambia kwa upole kwamba herufi zina mpangilio wake, dada. Kanishukuru sana. Kaniambia nilale salama. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Baba Careen naye ati labda ningeenda kuangalia ile ya shule. Nimemwambia yeye ashughulike na mbolea.

Ijumaa, 18 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Kwenye boksi watoto wangu walikuwa moto. Vidole vinaruka! SHIKAMOO kwanza, halafu jina. Mwalimu mwenyewe kapiga makofi kabla hajasogea karibu. Aliposogea, makofi yakakoma.

Kisha kompyuta yenyewe. Careen kaitwa aandike jina lake. Kabonyeza kirefu, kasubiri kiitikie marahaba. Kimya. Kabonyeza pa C, pa A, kama nilivyomfundisha. Kiooni yakatoka mambo ambayo hata padre asingeyasoma. Darasa zima likaangua kicheko. Dorine kafuata, kaandika jina lake lote, tena taratibu kama anachambua mchele.

Mwalimu kamwambia Careen ahamie kwenye boksi la akina Dorine. Mwanangu kagoma. Kalikumbatia langu, machozi yanamtoka, kasema ya mama ndiyo sawa, ya shule wamekosea. Hapo nilitamani ardhi inimeze, nami nikambeba.

Kazi kapewa Mama Dorine. Kaniambia pole, dada, mpangilio una wenyewe. Mwalimu Valence kaniita pembeni: nikitaka, Jumatatu nije nikae nyuma, na darasa la pili, nijifunze tangu mwanzo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeenda. Magoti hayaingii chini ya dawati, lakini nimekaa mbele ya kioo, Careen ubavuni ananishika kidole na kunionyesha A ilipo. Iko pembeni kabisa, jamani! Nimeandika MAMA. Careen kaniambia vizuri sana, keti. Furaha niliyonayo haielezeki.

Na kulikuwa na jambo. Printa yao imegoma, inatoa karatasi nyeusi tii. Mwalimu kauliza kama kuna mtu mzima anayezijua printa. Mama Dorine katazama viatu vyake. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nimesema nimezizoea tangu usichana. Kesho nakabidhiwa!

Baba Careen anaita huko nje, ati uji unamwagika. Nakuja! Sina wasiwasi, weusi ule ni masizi tu, kama ya sufuria, na masizi nayajua. Kesho asubuhi nachukua majivu, maji ya moto na dodoki, naifungua ile printa, halafu naizamisha yote kwenye beseni.