Kipanya na Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo la kihuni asubuhi. Kuanzia wiki hii kila mwandishi wa safu ataweka makala yake mwenyewe kwenye mtambo mpya wa gazeti. Mwisho Alhamisi jioni. Mhariri akaniita pembeni, kwa ile sauti ya kuongea na wagonjwa. Akasema anaelewa hali yangu. Nikamuuliza hali gani. Akasema macho. Nikamwambia macho yamekufa, ulimi mzima. Akakohoa. Akasema nikishindwa, ukurasa wa nne atapewa Bwana Mizani, "kwa muda tu, mama".

Bwana Mizani! Yule wa ukurasa wa tisa, tumemwita hivyo kwa sababu hajawahi kumaliza aya bila "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine". Nyumba ikiungua, huyu atataka kwanza kusikia maoni ya moto.

Ukurasa ule ni wangu tangu enzi za taipureta. Mameya watatu wamekosa usingizi kwa ajili yake. Bila huo mimi ni mama fulani anayefoka jikoni.

Nimejaribu mtambo. Programu inayonisomea skrini, mwanamke mwenye sauti ya mafua, ikatamka: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vyote ni picha, havina majina! Vitufe vya mishale kwenye kibodi havivifikii. Vinataka kipanya. Kipofu na kipanya! Nimelia kidogo. Kisha nikala.

Jumanne, 4 Juni

Nimemeza kiburi, nikamwita wifi. Dada wa mume wangu. Hajaona tangu azaliwe, anafundisha kompyuta, na makosa yangu humnenepesha. Akaingia akitangaza kwa sauti kwamba leo msomi kaishiwa.

Akanieleza kwamba kwenye skrini masikio na mkono ni vitu viwili. Masikio nayatembeza kwa vitufe vya namba vya kulia. Yanapita juu ya kila kitu na kunisomea. Kipanya, ambacho ndicho mkono, hakijui habari hizo. Kimelala palepale kilipoachwa. Nikitaka kije yalipo masikio, nabonyeza kitufe cha amri pamoja na mkwaju, kile kitufe cha mstari wa mshazari kilicho juu ya nane. Mkwaju peke yake unabofya. Nikishikilia Shift kwanza, kipanya kinakamata kitu ili nikiburute. Akaanza kusema jambo jingine kuhusu kukamata. Nikamkatiza, nikamwambia inatosha, mimi si mpagazi. Akasema mke wa kaka yake ana mdomo mrefu na vidole vifupi.

Lakini kati ya vile vitufe visivyo na majina, cha nne ndicho cha kutuma! Tumekipata kwa kujaribu. Mume wangu akauliza kama tunagombana. Tukamjibu kwa pamoja kwamba hayamhusu.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Makala imeingia, kwa vidole vyangu hivi. Kuhusu mitaro isiyofunikwa. Mwaka huu nimetumbukia kwenye mmojawapo hadi kiunoni, na fimbo yangu haijaonekana hadi leo. Nimewaita madiwani mchwa waliovaa suti. Nimedai wajiuzulu, kisha watumbukie.

Ningefunga mashine hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Ila masikio yalikuwa bado yanatembea, yakapita ukurasa wa tisa. Makala ya Bwana Mizani. Mitaro hiyohiyo! Mwizi wa mada! Na kando kidogo, mashine ikasoma: "Pipa la taka."

Sikupanga. Jambo lilijipanga lenyewe. Makala yake ikipotea, nani ataonekana hawezi mtambo? Nani atakuwa wa kuhurumiwa? Nikaleta kipanya juu yake. Shift na mkwaju. Mashine ikasema imekamata. Nikatembeza masikio hadi kwenye pipa, nikaita kipanya, kikaja. "Pipa la taka." Kwaheri, Mizani.

Nikarudi ukurasa wa nne kuhakikisha wangu uko salama. Nikaita kipanya. Nikabofya. Mashine ikauliza kama nataka kubadilisha makala iliyopo. Adabu nzuri, nikawaza, inauliza mwandishi. Nikabonyeza Ndiyo.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuishi.

Mume wangu alinisomea gazeti na chai, kama kila Jumamosi. Akaanza: "Kwa upande mmoja, mtaro ulio wazi ni hatari. Kwa upande mwingine, unaruhusu hewa kupita." Nikamwambia amefungua ukurasa wa tisa. Akasema huu ni wa nne. Nikamuuliza picha ya nani. Akasema yako, mke wangu, ile uliyonuna. Akaendelea kusoma! Kumbe aliipenda. Akasema safari hii nimeandika kama mtu aliyelala vizuri.

Hewa! Mimi niliyetolewa humo kwa kamba!

Wifi akacheka mpaka akalazimika kuketi. Akasema jambo nililomkatiza Jumanne lilikuwa hili: kipanya kikikamata, hakiachii mpaka ukiachilie mwenyewe. Mizani hakuwahi kuingia pipani. Nilitembea naye skrini nzima, nikamwangusha kwangu, juu ya makala yangu, halafu nikasema Ndiyo.

Mhariri akapiga. Nikajiandaa kukiri. Akasema hatimaye nimekomaa. Nina miaka hamsini na tatu! Akasema madiwani wametuma shukrani. Ukurasa wa nne ni wangu daima, mradi niendelee hivyohivyo.

Kisha Bwana Mizani. Ukurasa wake umetoka na tangazo la magodoro. Akasema kwa upande mmoja huu ni wizi na anaweza kunishtaki. Kwa upande mwingine, haijawahi kutokea makala yake ikasifiwa. Akasema anatafakari. Atatafakari mpaka nife.

Nikisema ukweli, nitaulizwa mkono wangu ulifuata nini ukurasa wa tisa, na nitafukuzwa. Nikinyamaza, nitasifu mitaro hadi kustaafu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na jibu. Ni rahisi mno, naona aibu kulala usiku mzima bila kulifikiria.

Wiki ijayo naandika makala laini kwa jina langu, mhariri afurahi. Naandika nyingine yenye miiba, madiwani wote kwa majina. Hiyo naiburuta hadi ukurasa wa tisa, chini ya picha ya Bwana Mizani. Wananchi wanapata ukweli, mimi nabaki na ukurasa wa nne, na yeye anatafakari mahakamani. Kipanya sasa nakijua kama kiganja changu.

Wifi amekuja mchana na kiti chake kabisa. Akasema leo hatoki mpaka nimejua kuachilia. Nimemwambia arudi wiki ijayo, kwa sasa nina kazi ya haraka.