Sampuli Kutoka Bucha ya Ruweida

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Voi, Mbololo na Makwasinyi mpaka Salaita, wenye meno na vibogoyo, kwamba enzi ya kutambua nyama kwa macho imekwisha. Kuanzia sasa nyama yoyote itakayouzwa, kuchomwa, kuchemshwa au kunuswa katika eneo hili itatambuliwa kwa vinasaba, yaani DNA, chini ya usimamizi wa Kamati ya Uhalisi wa Nyama, ambayo mimi, Titus, ndiye Katibu Mtendaji wake.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe, nikalisoma kwa kipaza sauti pale stendi ya Voi. Watu walipita na shughuli zao. Mmoja alisimama, nikafurahi, kumbe alitaka kujua kama nyama inagawiwa hapo hapo au kuna mahali pa kupanga foleni. Wananchi wetu ndivyo walivyo. Unawaletea sayansi, wao wanatazama mikono yako umebeba nini.

Kamati iliundwa kwa sababu nzito. Mji wetu umepakana na mbuga, na nyama ya pori ilikuwa ikiingia mjini kwa jina la ng'ombe. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Gibson, aliapa kuikomesha. Huyu ni mtu wa kanuni. Kitambi chake huingia mkutanoni kabla yake na hakuna aliyewahi kukihoji.

Kazi ilianza kwa semina, kama kazi zote za maana. Alikuja Daktari Jemimah, mtaalamu wa maabara kutoka Nairobi, mama mpole asiyependa soda. Alitueleza kwamba mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna uzi mwembamba uliosokotwa kama kamba ya mkonge. Uzi huo una maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, na mpangilio wa herufi hizo ndio unaofanya twiga awe twiga na mbuzi awe mbuzi. Nusu ya maagizo hutoka kwa mama, nusu kwa baba. Kipande kidogo cha nyama kinatosha kumjua mnyama, na tone la mate linatosha kumjua mtu.

Mheshimiwa aliinua mkono. Alitaka kujua kama kweli kila seli ina nakala kamili ya maagizo hayo.

"Karibu kila seli," akajibu Daktari.

"Na nani huidhinisha hizo nakala?"

"Zinajinakili zenyewe, Mheshimiwa."

"Bila muhuri?"

Daktari alisema hakuna muhuri. Ukumbi ulinung'unika. Tukapitisha azimio la kulaani utaratibu huo na kuzitaka seli zote za eneo letu zibaki na nakala moja moja, nyingine ziwasilishwe ofisini. Daktari Jemimah alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwisho wa semina alisema jambo moja lililompendeza sana Mheshimiwa, kwamba DNA haijui cheo. Wiki iliyofuata maneno hayo yalikuwa yamechapishwa kwenye fulana zetu zote, na ya Mwenyekiti ilikuwa na kola.

Bucha ya kwanza kukaguliwa ilikuwa ya Bi Ruweida. Ni mama wa familia ya Kiislamu ya asili ya Pwani, iliyokaa Voi tangu zamani, na bucha aliachiwa na babake. Tulimchagua yeye kwa kigezo cha kitaalamu, maana steki yake husifiwa mpaka Taveta. Nilipomwambia sampuli ni kilo tano na tungependa isiwe na mfupa, alinitazama juu mpaka chini.

"Hiyo maabara yenu," akasema, "ina meno?"

Nilimsamehe. Hakujua desturi ya kazi yetu, kwamba sampuli haipimwi kwa maabara peke yake, bali pia kwa watumishi wanaoihudumia. Harith, mkataji nyama wake, alikata, akafunga, nami nikatia kwenye kasha la barafu lenye nembo ya Kamati.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Maabara ilikuwa imefunga, stima imepotea mtaa mzima, na joto la Voi mnalijua. Sasa mtumishi mwaminifu afanyeje? Kielelezo kikioza ni hasara kwa serikali. Mimi na dereva, Nzomo, tulishauriana na kuamua kukihifadhi kielelezo kwa njia pekee iliyokuwapo, yaani makaa. Kufikia Jumapili sampuli yote ilikuwa imehifadhiwa ndani yetu.

Jumapili hiyo hiyo tulikwenda nyumbani kwa Mheshimiwa, Mbololo, atie sahihi kwenye kasha kabla ya safari ya Nairobi. Tulimkuta mezani. Kabla hajatushughulikia simu ikalia, akatoka nayo uani, maana Mheshimiwa huzungumza na wakubwa akiwa wima. Mkewe, Mama Evelyn, alikuwa jikoni. Kwenye sahani palikuwa na ubavu wa kuchoma, umeng'atwa mara mbili tatu, na nyama bado ipo ya kutosha. Ulikuwa ubavu mrefu. Nilifikiri, mkubwa lazima ale ng'ombe wakubwa.

Hapa kasha tupu, pale nyama. Kazi ya mtendaji ni kuoanisha rasilimali na mahitaji. Niliutia ubavu kashani, ukakaa kwa kulazwa upande, nikafunga, nikabandika karatasi: Bucha ya Ruweida, steki. Nyama ni nyama, na sampuli ikishaandikwa jina la bucha ni ya bucha hiyo kisheria. Mheshimiwa alirudi, akatia sahihi, akatazama sahani yake, akamwita mkewe amwongezee.

Majibu yalirudi kwa kishindo. Ukurasa wa kwanza ulisema: twiga. Kulikuwa na ukurasa wa pili, lakini Kamati yetu husoma ukurasa wa kwanza tu ili kuokoa muda wa umma. Mheshimiwa aliita waandishi wa habari, akavaa fulana, akasema papa mkubwa amenaswa. Bi Ruweida alikamatwa mbele ya wateja wake. Alilala ndani, akatoka kwa dhamana, akakuta bucha imefungwa kwa mnyororo. Mjini wakaanza kusema kwamba walikuwa wakihisi siku zote, eti hata supu ya pale ilikuwa inarefusha shingo.

Alikuja ofisini kwangu akiwa na buibui lake na macho makavu.

"Bwana Katibu, ng'ombe yule nilimnunua mnadani. Akachinjwa machinjioni mchana kweupe, watu wakiona. Huyo twiga nimemchinjia wapi mie? Uani?"

Nilimweleza kwamba DNA haijui cheo.

"Na miguu je, inayo? Haikwenda Nairobi yenyewe. Kuna mtu aliyeibeba." Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Mwanangu, kesi hii ikinishinda ni jela. Babangu alikufa na jina safi. Mie nizeekee gerezani, na watu waseme nimewalisha nyamafu?"

Nilimhurumia, kusema kweli. Huruma hiyo niliiandika kwa ufupi na kuiweka kwenye faili lake. Kisha nikamkumbusha kwamba saa za kuona wananchi zimekwisha.

Mambo yangeishia hapo, na yangeishia vizuri, kama Daktari Jemimah asingepiga simu kuuliza mbona hatujajibu ukurasa wa pili. Tuliitisha kikao cha dharura, tukausoma kwa kupokezana. Ulisema mambo mawili. La kwanza, steki ile ilifika ikiwa ni ubavu, na umechomwa, una chumvi, ndimu na pilipili. Kikao kilinigeukia. Nilisema ni joto la Voi. Wajumbe waliafiki, na mmoja kutoka Salaita akaongeza kwamba kwao ni moto zaidi, huko mbuzi hutembea wakiwa wameiva nusu. Kuhusu ndimu hakuna aliyeuliza.

La pili, juu ya ubavu ule kulikuwa na mate ya binadamu. Mheshimiwa alipiga meza kwa furaha. Alisema sasa mwanamke yule atashtakiwa pia kwa kung'ata nyama ya wateja. Daktari, aliyekuwa kwenye spika ya simu, akasema haiwezekani. Mate yale yalikuwa na kromosomu Y, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa babake, na Bi Ruweida hangekuwa nayo.

"Basi ni huyo Harith," akasema Mheshimiwa. "Achukuliwe mate. Na si yeye tu. Kila mwanamume aliyekaribia sampuli hiyo achukuliwe hadharani, na mimi Mwenyekiti nitakuwa wa kwanza, wananchi waone mfano."

Nilikohoa. Akaendelea. Nikakohoa tena, safari hii kwa kina. Katika utumishi wa umma kukohoa mara mbili ni ushauri wa kutosha, na mkubwa asiyeusikia amejitakia. Mheshimiwa aliagiza niletewe maji.

Zoezi lilifanyika ukumbini. Mheshimiwa alifungua mdomo mbele ya kamera kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili picha zitoke vizuri. Daktari Jemimah alipitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu lake, kisha la Harith, la Nzomo na langu. Mheshimiwa akatoa amri nyingine, kwamba majibu yasiletwe kwake. Yasomwe na Daktari mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya umma na ya maaskari wa wanyamapori, ili asitokee mtu wa kusema Kamati imechakachua.

Siku ya majibu ukumbi ulijaa. Bi Ruweida alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Kando yake Harith alikuwa akitetemeka ovyo, kama walivyo watu wasio na hatia wakiwa karibu na serikali. Mheshimiwa alihutubia kwanza. Alisema leo mwizi atajulikana kwa mate yake mwenyewe, akapigiwa makofi, akaketi.

Daktari alisimama. Alisema mate ya Harith hayalingani na yale ya kwenye ubavu. Ya Nzomo hayalingani. Ya Katibu hayalingani. Akarekebisha miwani. Mate yaliyokuwa kwenye ubavu wa twiga ni ya Mheshimiwa Gibson.

 Mheshimiwa alicheka peke yake kidogo. Alisema labda kuna mtu amemnakili. Daktari akasema hapana, mtu hanakiliwi mate. Kutoka nyuma sauti ikauliza kama Mwenyekiti alikuwa anakwenda kung'ata nyama kwa Ruweida usiku akiwa hajavaa fulana. Hapo uso wa Mheshimiwa ukabadilika. Kuitwa mwongo amezoea, ila kuitwa mdokozi wa bucha kulimwuma. Alinyanyuka na kidole juu.

"Mimi sijawahi kula kwa huyu mama. Huo ubavu nilikuwa naula kwangu. Mezani kwangu, Mbololo."

Bi Ruweida aligeuka, akatazama safu za nyuma, kisha akamtazama yeye.

"Rudia, baba," akasema kwa upole. "Walio nyuma hawakusikia."

Mheshimiwa ni mtu ambaye hajawahi kukataa kipaza sauti tangu azaliwe. Alikichukua kutoka mkononi mwa Daktari na kurudia neno kwa neno, tena kwa sauti ya jukwaani. Akaongeza kwamba nyama nyingine ya mnyama huyo huyo bado iko kwenye friza lake, mwenye shaka aende akaione.

Maaskari wa wanyamapori walikuwa na shaka, wakaenda. Mama Evelyn, ambaye alijua tu kwamba nyama imeletwa na rafiki wa mumewe, aliwakaribisha vizuri na kuwauliza kama watakula kwa wali au kwa ugali. Friza lilipofunguliwa, mguu mmoja ulikuwa umekunjwa mara mbili na bado haukutosha.

Mashtaka ya Bi Ruweida yaliondolewa. Mnyororo ulitolewa, na bucha ikafunguliwa kwa foleni iliyofika barabarani. Mheshimiwa sasa anahudhuria kesi yake akiwa na shati la kawaida. Swali la jinsi ubavu ulivyoingia kwenye kasha limeundiwa kamati ndogo huru, na mimi ndiye mwenyekiti wake. Uchunguzi unaendelea, ingawa ni mgumu, maana mashahidi muhimu ni mimi na Nzomo na hatupatikani kwa urahisi. Nimeteuliwa pia kukaimu uongozi wa Kamati nzima, na kiti cha Mheshimiwa nimekikuta kina joto zuri.

Kazi ya serikali haisimami. Ijumaa nilibeba kasha la barafu, nikaenda bucha ya Bi Ruweida kuchukua sampuli ya kufungia faili. Nilipita mbele ya foleni, kama ilivyo desturi. Nikamwambia safari hii kilo tatu zatosha.

"Karibu, Bwana Kaimu," akasema. Harith alikuwa ameshaanza kukata. Bi Ruweida akafungua droo, akatoa pakiti ya vijiti vya pamba vya dukani, akavuta kimoja. "Nyama ipo, mwanangu. Ila siku hizi hapa nyama ya sampuli haitoki mpaka anayeichukua aache mate yake. Fungua mdomo."

Foleni yote ilisogea ione. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema kuhusu mamlaka, taratibu na heshima ya ofisi, lakini kila neno lilihitaji nifungue mdomo, na kijiti kilikuwa karibu. Niliufunga, nikabeba kasha langu tupu, nikatoka. Jioni ile nilikula sukuma wiki.