Maji Katika Kikombe cha Zinki

Jumatatu, 20 Mei
Mkuu wa shule ametangaza. Ijumaa, sikukuu ya alfabeti yetu, mbele ya wazazi, mwalimu ambaye betri yake ya vikombe viwili, cha shaba na cha zinki, itatoa volti nyingi zaidi ndiye atakabidhiwa maabara mpya. Miaka kumi na tisa nafundisha kemia hapa! Mwalimu mwenzangu Zlatina ana mitatu tu. Leo betri yake imetoa volti 1.10. Yangu 1.07. Wivu unanichoma! Kosa ni la mke wangu Dochka: jiwe la buluu la kikombe changu cha shaba, yaani mrututu, ameliyeyusha akainyunyizia mizabibu. Eti ukungu haungoji sikukuu.

Jumanne, 21 Mei
Jiwe la buluu limekwisha madukani. Mji mzima unanyunyizia. Basi nimeongeza chumvi ya zinki kwenye kikombe cha pili hadi ikagoma kuyeyuka. Kilicho kizito ndicho chenye nguvu! 1.05. Nikaipasha betri moto jikoni. 1.04! Zlatina akapita, akauliza supu itaiva saa ngapi. Walimu wote wakacheka.

Alhamisi, 23 Mei
Heri tukose wote. Wakati wa mapumziko niliinyemelea betri yake. Kikombe cha shaba, kile cha buluu, sikukigusa: kikitiwa maji kingepauka, na rangi hiyo kila bibi mwenye mizabibu anaijua. Cha zinki hakina rangi. Nimemwaga karibu chote, nikajaza maji. Nani atajua?

Ijumaa, 24 Mei
Betri ya Zlatina: 1.13! Akaeleza mbele ya wazazi kwamba zinki ikizimuliwa volti hupanda, na aliyeizimua ana akili kumshinda yeye. Wakamgeukia mzee Gancho, msafishaji wetu anayeshinda na ndoo za maji. "Kumbe wewe profesa, mzee!" Naye akainama kupokea makofi. Makofi yangu! Sikuvumilia. Nikasimama, nikapaza sauti kwamba ni mimi.

Zlatina akauliza taratibu, "Mwalimu Radoslav, ulitaka kunisaidia?"

Nikasema la hasha, nilitaka kumharibia.

Kwenye viti vya wageni Dochka akatazama viatu vyake.

Jumamosi, 25 Mei
Maabara kapewa Zlatina. Mimi nitamwoshea vikombe hadi shule ifungwe. Nilimweleza mkuu kwamba zile 0.03 za ziada ni jasho langu, akanifungia mlango. Watu hawana shukrani! Lakini mwosha vikombe hupewa ufunguo, na ninao mfukoni. Jumatatu naanza na kikombe chake cha buluu, na maji yapo tele.