Bastola ya Faustini Isifichwe Siku ya Ukweni

Faustini wangu amepata bastola!

Ya halali, yenye namba na kibali, na juu yake ana cheti cha kujifunza kulenga shabaha. Salamu zinaweza kusubiri, lakini habari hii imenikaa kooni wiki nzima.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Mzee Hamdani, pamoja na wajumbe wako wa Kamati ya Ulinzi na Usalama: shikamooni mnaostahili, na mliobaki mwakeye, salamu yetu ya Kiha. Ninayeandika ni Rozalia, Mama Faustini, wa nyumba ya bati jekundu hapa hapa Rusimbi. Nimesoma hadi darasa la saba, tena mtihani niliufanya na homa, kwa hiyo nikikosea mahali msinicheke.

Mnakumbuka mwaka jana Faustini alivyoviziwa akishuka na pikipiki kutoka Kalinzi, anakonunua kahawa. Walimvua hadi viatu. Alirudi pekupeku, na jirani yangu Mama Castory akauliza bombani, mbele za watu, kama siku hizi kahawa inanunuliwa kwa viatu. Basi mwanangu akaomba silaha ya kujilinda, nanyi mkakaa kumjadili, mkaona ni mtulivu, hanywi, hagombani, mkapitisha fomu. Nashukuru sana. Kamati ilimjadili saa mbili nzima! Castory hajajadiliwa hata dakika moja.

Lakini Jumapili, Mwenyekiti, ulikuja nyumbani ukamsomea masharti ya sheria ya silaha mbele yangu, ukamalizia, "Hii siyo saa ya mkononi, Faustini. Ukweni utakwenda bila hiyo." Naye akajibu, "Sawa, mzee," kama mtu asiye na mama. Ndiyo maana nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuificha. Sheria inataka ibebwe isionekane. Hebu nieleze taratibu. Wale vibaka walimvamia kwa sababu hawakuona kitu kiunoni. Sasa kitu kipo, na bado hawatakiona. Watajuaje kwamba hawatakiwi kumvamia? Au wamvamie kwanza, halafu ndiyo waambiwe? Mimi nikinunua kitenge kipya sikivai chini ya kile cha zamani.

2. Kukatazwa kwenye mikusanyiko. Tunakwenda Simbo kumchumbia Elida, na wanawake wote wa kwaya nimeshawaambia wataiona bastola kwa macho yao. Wameshona sare kwa ajili hiyo. Nikitokea na kijana mwenye mkanda mtupu, Mama Castory atacheka kuanzia Simbo hadi mlangoni kwangu, na mimi nitakaa wapi? Siombi makubwa. Avae shati fupi tu.

3. Risasi. Nimeambiwa hairuhusiwi kupigwa hata moja kwa furaha. Watu wengine wakifika ukweni wanapiga vigelegele. Sisi vigelegele tunavyo, na bastola tunayo. Naomba moja hewani, ya kuwaamkia wakwe. Kama kamati inaogopa kelele, basi nusu risasi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Sheria haitaki mtu mwingine aishike, hata mama mzazi! Imefungiwa kwenye sefu ya chuma chumbani kwake, na ufunguo anatembea nao. Mimi niliyemfundisha kushika kijiko! Kadi yake ya kliniki ninayo, cheti cha ubatizo ninacho, meno yake ya utoto ninayo kwenye kopo. Hakuna kitu kilichowahi kupotea mikononi mwangu. Naomba kibali kiandikwe majina mawili, lake na langu, langu likiwa juu kwa sababu ya umri. Tena kamati iwaandikie wabunge, silaha zote za nchi hii zitunzwe na akina mama. Ujambazi utaisha, maana hakuna jambazi atakayeazima kitu kwetu bila kuulizwa anakwenda nacho wapi, na nani, na atakirudisha lini.

5. La tano nimelisahau, lakini lilikuwa kubwa kuliko hayo.

Nategemea jibu lenye mhuri kabla hatujaondoka. Nisalimie Mama Diana nyumbani kwako na goti lake, Mzee Adolf aliyesema kikaoni kwamba Faustini ana macho ya huruma, na wajumbe wote mmoja mmoja. Hata Mama Castory ukimwona msalimie, umtajie na kile cheti cha kulenga.

Mwananchi wako mtiifu, mzazi wa mwenye kibali,
Rozalia, Mama Faustini

N.B. Barua hii Faustini asiione. Jana mchana aliacha ufunguo kwenye suruali aliyonipa nifue, nikafungua sefu kidogo tu, nione kama bastola inaendana na mkanda mpya. Mara pikipiki yake ikazimwa uani! Nikaitumbukiza kwenye debe la mawese jikoni, maana mawese hayaruhusu kutu, panga la marehemu baba yake nimelitunza hivyo miaka tisa. Risasi haina, nilihakikisha kwa kuitikisa. Nilipomaliza kumpakulia ugali na migebuka, debe halipo. Shemeji yangu Jeremia ameshalipeleka Simbo na zawadi nyingine. Mama yake Elida amepiga simu kushukuru, anasema halijawahi kuja debe zito namna hii, na atalifungua siku yenyewe mbele ya wageni. Nikimwambia Faustini, atakwenda mwenyewe polisi kujishtaki, ndivyo alivyo, na hapo kibali kimekwenda na mchumba amekwenda. Kwa hiyo, Mwenyekiti, sheria naiunga mkono yote, vifungu vyote, hasa hicho cha nne. Njoo na kamati nzima, na askari mmoja mpole anayejua kula, mkae karibu na jiko. Mimi nitaomba kupika, ili debe nilifungue mwenyewe kabla ya wageni. Sufuria zinabandikwa saa nne asubuhi, Simbo, Jumamosi hii.