Kitanzi Juu, Kitanzi Chini

Jumatatu, 6 Mei

Nimepewa kazi! Mkuu wa wilaya anataka bendera mpya ya sherehe za uhuru Ijumaa. Nishone mimi, apandishe Mlingoti, mtunza uwanja. Nusura nirudishe kitambaa. Ukoo wetu na wao hatuamkiani tangu siku ya uhuru wenyewe, bendera ya kwanza ilipopaa kichwa chini, nyota miguuni. Babu yake, aliyevuta kamba, alisema fundi alishona kitanzi upande wa chini. Babu yangu alisema kitanzi kilikuwa sawa, ila mvuta kamba alilewa furaha, na si furaha peke yake. Vilipokuja vyama vingi, baba alijiunga na upinzani kwa sababu tu baba yake Mlingoti alibaki chama tawala. Sera hakuwahi kuzisoma.

Jumanne, 7 Mei

Mpango umenijia nikitia uzi kwenye sindano. Bendera hupanda imekunjwa. Mpandishaji hufuata kitanzi tu, kitanzi huenda juu. Basi nitakishona chini! Mlingoti ataipindua mbele ya wilaya nzima, watu waseme kumbe ni damu yao. Nimecheka mpaka cherehani ikakata uzi.

Jumatano, 8 Mei

Nimeipeleka. Mlingoti kaipokea kwa ncha za vidole, akauliza eti fundi, safari hii umevaa miwani? Nikamjibu nimevaa, yeye je, kwao wameshamwonyesha juu ni wapi? Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemsimulia mke wangu. Hakucheka. Kaniuliza, Baba Watoto, ikipinduka watamkamata nani, aliyefuata kitanzi au aliyekishona? Jasho! Bendera ya taifa! Hapo si utani tena, ni rumande. Nikakimbia uwanjani kudai nimesahau pindo. Mlingoti akasema pindo kaliona, zuri tu, bendera imeshafungiwa ofisini, niende nikapumzike. Kupumzika! Mke wangu ananipigia pasi shati. Anasema ni la mahakamani.

Ijumaa, 10 Mei

Wimbo wa taifa. Mlingoti akavuta kamba, bendera ikafika juu, ikafunguka... nyota juu! Sawasawa kabisa! Nikampigia makofi adui wa ukoo wetu mpaka viganja vikawaka moto. Yeye kaduwaa, anaitazama nyota kama imemtukana. Nikamfuata nyuma ya jukwaa, tukahojiana kwa minong'ono. Kumbe naye alikifunga kitanzi chini kusudi, akidhani nimekishona juu, ili bendera ipinduke na lawama iniangukie mimi! Tukashikana mikono, tukacheka kama wehu. Mkuu wa wilaya akapita, akatusifu kwa umoja wa kitaifa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimelala usingizi wa pono. Amani tele. Kisha nimetoka, nasikia sokoni Mlingoti anatamba kwamba fundi alikosea kitanzi, yeye ndiye aliyeiokoa bendera. Yeye! Bila kitanzi changu cha chini si angekuwa rumande saa hizi? Mimi ndiye niliyeiokoa! Nimemwita mwanangu mkubwa, nimemkalisha, nimemweleza yote, ili ukweli usipotee na wajukuu wangu wasije wakawaamkia watu wale.